Baba mdogo anataka apu yangu ya wagumu iingie dukani kwa jina la kampuni yake

Shikamoo Anti,

Naomba usiweke jina langu wala la mtu yeyote wa kwetu maana Moshi ni padogo, ukikohoa Pasua wanakuitikia Kiboriloni.

Mimi ni binti wa miaka 24, naishi na mama na kaka yangu. Nilisoma diploma ya kompyuta nikamaliza, kazi ya maana bado sijapata, kwa hiyo nipo kwenye steshenari moja karibu na stendi, natoa kopi, nachapa barua za watu, nawajazia fomu za ajira na za mkopo wa chuo. Jioni ndo nakaa na laptopu yangu mpaka usiku, mama ananigombeza kuhusu umeme.

Kaka yangu ni mgumu, kwa wasiojua wagumu ni wapagazi wa mlimani, anapanda Kilimanjaro toka amemaliza fomu foo. Alikuwa na daftari anaandika kila safari, tarehe, geti aliloingilia, kampuni, siku ngapi, mshahara alioahidiwa na aliopewa, tipu ngapi. Daftari likaloa kule kambi ya Barafu, kurasa zikagandana zote, na humo kulikuwa na safari ambazo hajalipwa, akienda ofisini kudai wanamwambia leta tarehe na jina la gaidi, yaani kiongozi wa msafara, aliyekuwa naye, hana. Ndo nikaamua nimtengenezee apu kwenye simu. Inafanya kazi bila mtandao, akishuka geti la Mweka akapata mtandao inatuma kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayotunza rekodi, na kuna ukurasa nimeuita Nadai, unamwonyesha kila kampuni anaidai kiasi gani na toka lini. Wenzake wakaiona wakaitaka, nikawa nawatumia faili kwa Whatsapp, nikaona hapana, wacha niiweke dukani kama apu zingine.

Anti hapo ndo nilipoyakuta. Ada ya duka la Android ni dola 25, nikasema siyo mbaya, nikaweka hela kwenye kadi ile ya kwenye simu ikakataa, nikajaribu ya mtandao mwingine ikakataa, mwishowe shoga yangu akanilipia kwa kadi yake ya benki nikampa keshi. Nikatuma kitambulisho cha NIDA, wakakubali. Nikapandisha apu ikarudi, wanasema hawakuweza kuingia ndani. Nikahangaika nayo ikapita, alafu nikakutana na hiyo ya kutafuta watu 12 waijaribu siku 14 mfululizo ndo uruhusiwe kuiachia watu wote. Sasa watu wangu ni wagumu! Wiki nzima wako mlimani, mtandao wa kubahatisha, simu zimezimwa kutunza chaji, nikajua kila wakipanda zile siku zinakatika tunaanza upya. Nilipoomba ruhusa wakanijibu niendelee kujaribisha. Nililia Anti, siyo siri. Kuna mkaka wa Telegramu ananiambia ananiuzia akaunti ya zamani ambayo haina hayo mambo ya watu 12, nimemwambia nitamjibu.

Sasa kwenye kipaimara cha mtoto wa shangazi nikakutana na baba mdogo. Yeye ana kampuni ya utalii Arusha, anapeleka wageni mlimani na Serengeti, na ndiye aliyenilipia ada ya chuo baada ya baba kufariki, yote, hakubakiza hata senti. Nikamsimulia, akafurahi sana. Akasema kampuni yake tayari ina akaunti kwenye hayo maduka kwa sababu walitengeneza apu ya wageni, ya kampuni haihitaji wale watu 12, nimpe tu faili vijana wake waipandishe, na ya iPhone atalipia yeye zile dola 99 kila mwaka. Jina litakaa la kampuni. Akasema na kiofisi kidogo anaweza kunitafutia pale. Nikamwonyesha ukurasa wa Nadai, akautazama kidogo akasema "huu tutauangalia baadaye mama," akarudisha simu.

Kaka aliposikia akakataa kabisa. Anasema hakuna mgumu atakayeandika deni la kampuni kwenye apu ya kampuni. Mama naye anasema kwa hiyo mtu amekusomesha leo unamwona mwizi, hiyo ndo shukrani ya kwetu? Wamenuniana ndani kwa ajili yangu. Na baba mdogo anataka jibu kabla ya Juni sizoni haijachanganya.

Nikubali niachane na haya mateso, au nikatae nionekane sina adabu? Au ninunue ile akaunti niwakwepe wote? Nimechoka Anti.

Binti wa Moshi

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma nikairudia, na kabla ya yote nikupongeze, maana hujatengeneza apu ya kumi na moja ya kuagiza chipsi, umeona daftari la kaka yako limeloa ukafanya kitu. Wengi tungemwambia anunue daftari jingine lenye kava gumu.

Nikikuelewa vizuri, una apu ambayo wagumu wanaitaka, imekwama mlangoni kwa duka, na mtu ambaye umekosa neno la kumkatalia amekuja na ufunguo. Kaka hataki, mama anataka, na wewe umechoka kiasi kwamba mlango wowote ukifunguka utaingia. Hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu kuchoka kwako kunatokana na masharti ya duka lakini unataka kuutibu uchovu huo kwa kufanya uamuzi wa ukoo. Wacha nianze na hilo la duka, maana naona huko kuna vitu umeviogopa zaidi ya vilivyo.

Duka la Android ni Google Play. Dola 25 ni kweli na unalipa mara moja tu, hiyo umeshamaliza. Kadi zako zilikataa kwa sababu hawapokei kadi za kulipia kabla, zile unazoweka hela kwanza ndo utumie, na hizi za kwenye simu nyingi ni za aina hiyo. Haikuwa nuksi. Apu kurudi kwa sababu hawakuweza kuingia, nikuulize, mtu anaingia kwa namba ya simu na kodi, ile namba ya siri inayokuja kwa meseji, sio? Sasa yule mkaguzi aliyeko huko nje laini ya Tanzania anaitoa wapi? Kwenye fomu kuna sehemu ya kuwawekea namba ya kujaribia na kodi ambayo haibadiliki, bila shaka ndo ulichokuja kufanya ikapita. Uibakize hiyo sehemu na uhakikishe inafanya kazi kila unapotoa toleo jipya, maana wanaikagua tena.

Sasa hao 12. Hili sharti linawahusu wenye akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023, na mwanzoni walikuwa wanataka watu 20, wakapunguza Desemba 2024. Baba mdogo hajakudanganya, akaunti ya kampuni hailazimiki. Ila wewe umelielewa hivi, kwamba mgumu akizima simu akiwa Shira basi siku zimekatika. Haiko hivyo mwanangu. Kinachohesabiwa ni mtu kubaki amejiunga kwenye majaribio siku 14 bila kujitoa. Akibonyeza ile linki akakubali, akapanda mlima akashuka, bado yumo. Anayejitoa akarudi ndiye anayeanza upya. Kilichokurudisha nyuma kinaweza kuwa kingine kabisa, kwamba ukiomba ruhusa wanakuuliza maswali, hao watu waliitumiaje, walikwambia nini, ulirekebisha nini, na wakiona haikuguswa au majibu ni ya mstari mmoja wanakwambia endelea. Je, uliwaandikia kwamba watumiaji wako wanakaa juu ya mlima siku sita au saba bila mtandao na ndiyo maana apu inahifadhi humo humo kwenye simu hadi washuke? Hiyo ni stori nzuri, na ni ya kweli. Na nani kasema wote 12 wawe wagumu walioko safarini? Kuna wapishi, kuna waliopumzika, kuna kaka mwenyewe, kuna mama anayeweza kuandika mauzo ya ndizi kama safari ili mradi aiguse guse akwambie wapi pamemchanganya. Ongeza wafike 18 au 20 ili wawili watatu wakibadilisha simu usitetereke. Kwa hiyo huo ukuta uliokuliza, mimi naona una kijia pembeni. Inaweza kukuchukua mwezi mwingine, sitakuficha, na unaweza kurudishwa tena.

Yule wa Telegramu sitaki kukukataza kama mtoto, ila jua unachonunua. Kuuziana akaunti Google hawaruhusu, na wakifunga akaunti moja kwa ukiukaji wanaweza kufunga na zingine wanazoona zina uhusiano nayo. Hujui mwenye hiyo akaunti alipandisha nini huko nyuma. Ikifungwa, na yako uliyoihangaikia hadi NIDA inaweza kwenda nayo, na kufunguliwa nyingine ni kazi. Zaidi ya hapo jina litakalosomeka dukani ni la mtu usiyemjua, na wagumu wataona kama wanampa yeye habari za mishahara yao. Ukinunua hapo huwakwepi akina baba mdogo, unahamia kwa baba mdogo usiyemjua.

Tuje iPhone. Wewe mwenyewe haukusema unaitaka, imekuja kwenye maneno ya baba mdogo. Wagumu wangapi wana iPhone? Nikipita pale Machame getini naona Tecno, naona Infinix, naona itel zimefungwa rababendi. Apple wanataka dola 99 kila mwaka, na mwaka usipolipiwa apu inatoka dukani, ina maana mtu akiudhika au kampuni ikiyumba, apu ya iPhone inaondoka kimya kimya. Na kompyuta ya kuitengenezea ni Mac, sijui kama unayo. Kama watu wako wote wako Android, basi nusu ya zawadi uliyoahidiwa ni ya kitu usichokihitaji sasa hivi, ingawa inasikika kubwa ukiambiwa kwenye sherehe soda ziko mezani.

Sasa tuingie ndani kwenyewe, kwa baba mdogo.

Mama anauliza kama unamwona mwizi. Kaka anaongea kana kwamba ni mwizi. Mimi sioni kwenye barua yako popote alipofanya wizi. Ametaja kitu kama anavyokijua yeye, mfanyabiashara akiona kitu kizuri cha mtoto wa kaka yake anasema leta tukiweke kwenye kampuni, kwake huo ni upendo. Na pengine hata hajui kwamba jina la akaunti lina uzito kuliko bango la mlangoni. Ndiyo maana nataka wewe ujue, ili umweleze bila kumshtaki. Chukulia akaunti ya dukani ni fremu. Bidhaa zinaweza kuwa zako, lakini mwenye mkataba wa fremu ndiye mwenye kufuli. Mwenye akaunti ndiye anayetoa matoleo mapya, ndiye anayeweza kuiondoa, anaweza kumpa kijana mwingine kazi akabadilisha kilichomo na wateja wale wale wakapokea mabadiliko bila kujua. Hata funguo ya kusainia, ile alama ya siri inayothibitisha kwamba apu ni halisi, siku hizi Google wanaitunza wenyewe, na ile yako ya kupandishia mwenye akaunti anaweza kuomba ibadilishwe. Kwa hiyo usijifariji kwamba bila laptopu yako hawawezi kitu.

Lakini pia siyo kwamba ikiingia kwake ndo imekwenda milele. Apu inaweza kuhamishwa kutoka akaunti moja kwenda nyingine, Google wana utaratibu wake na Apple wana wao, watumiaji na nyota na maoni yao vinahama nayo. Ila anayeanzisha ombi la kuhamisha ni yule aliye nayo. Asipotaka, huna la kubonyeza. Unaona mambo yanaishia wapi, kwenye makubaliano yenu wawili na siyo kwenye kompyuta.

Na kuna kitu kingine wengi wanachanganya, akaunti ya dukani siyo hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda na programu za kompyuta, na mpaka sasa uliyeandika ni wewe, usiku kwako, kwa umeme wa mama. Unaweza kwenda kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukawa na karatasi. Sasa lile neno lake dogo la kiofisi pale Arusha ndilo ningelitazama mara mbili, maana kazi unayofanya ukiwa umeajiriwa huwa inahesabika ya mwajiri kama hamkuandikishana vingine. Sisemi ana nia hiyo, huenda anakuonea huruma tu na steshenari. Lakini ukikubali kazi na apu siku moja, kesho kutwa nani atajua mstari upi uliuandika Moshi na upi uliuandika Arusha?

Halafu Nadai. Hapa kaka yako anacho kitu hata kama amekisema kwa kununa. Mgumu anayeidai kampuni fulani, afungue apu, chini aone jina la kampuni nyingine ya utalii, au hata hiyo hiyo anayoidai. Ataandika? Na baba mdogo mwenyewe umfikirie, kesho wenzake wa Arusha wanamwuliza wewe mbona umeweka apu ya kutuhesabia madeni, anajibu nini? "Tutauangalia baadaye" inawezekana anahofia hilo, na siyo kwamba anaficha madeni yake. Hujui, na mimi sijui. Ila utagundua ukimwuliza, na nashangaa kidogo kwamba umeniuliza mimi kabla yake. Ungemwambia hivi, "Baba, ule ukurasa wa madai ndio sababu nilitengeneza hii kitu, ukikaa kwenye jina la kampuni unaona utakuletea shida gani?" Alafu unyamaze usikilize. Atakachojibu kitakusaidia kuliko barua yangu yote.

Kitu cha kutofautisha, na hiki mweleze na kaka, ni kwamba rekodi za wagumu haziendi kwa mwenye akaunti ya dukani, zinaenda kwenye seva. Seva ikibaki kwako, kwa nywila zako, baba mdogo kwenye ile akaunti ataona imepakuliwa na wangapi, nyota ngapi, imegoma kwenye simu gani, ila hataona nani anaidai nani. Mpaka atakapotoa toleo linalotuma kwingine, bila shaka, ndo maana narudi kwenye makubaliano. Na ukibaki na seva unabaki na mzigo pia. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika toka Mei 2023, anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Duka nalo linataka sera ya faragha inayosomeka, na kama watu wanafungua akaunti ndani ya apu basi wawe na njia ya kuzifuta. Haya yapo uwe kwa kampuni au peke yako.

Peke yako nako kuna baridi yake, usidhani nakusukuma huko. Kwenye akaunti binafsi jina lako la kisheria na nchi vinaonekana kwa umma, na ukianza kutoza hela anwani yako kamili inaonekana nayo. Wewe uliyeniambia Moshi ni padogo, umejiandaa bosi wa kampuni fulani asome jina lako chini ya apu inayosema anadaiwa? Mama amejiandaa? Kwa jina la kampuni ungekuwa na kivuli. Hilo ni la kwako kupima, kuna watu wangeona fahari na kuna watu wasingelala.

Njia ya tatu ni kusajili kampuni yako BRELA, wakala wa usajili wa biashara, wewe na kaka labda. Hapo ungehitaji namba ya D-U-N-S, namba ya kimataifa ya kutambulisha kampuni, inatolewa bure na inaweza kuchukua mpaka siku 30, na hao 12 wanakuwa hawakuhusu. Sasa angalia, Apple jina la biashara peke yake hawalikubali kama taasisi, wanataka kampuni yenyewe. Ukishakuwa na kampuni kuna mahesabu ya TRA, kuna ritani za kila mwaka BRELA hata kama hujaingiza shilingi, na kwa mshahara wa steshenari hiyo siyo kitu ya kuingia kwa hasira. Ila kama siku moja mtaweka humo mambo ya kukopeshana, jua Google wanataka taasisi kwa apu za mikopo, binafsi haitafaa.

Ipo pia ya kuendelea kugawa faili kwa Whatsapp kama ulivyokuwa unafanya. Si ya kuidharau, kwa wagumu hamsini inatosha kabisa huku unasubiri. Shida yake simu zinapiga kelele za tahadhari, matoleo mapya hayajiweki yenyewe, na mtu mbaya anaweza kuisambaza iliyochezewa. Na Google walitangaza Agosti 2025 kwamba hata apu za nje ya duka mtengenezaji wake atatakiwa kujitambulisha, wanaanza Septemba 2026 na nchi nne, Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kwingine kuanzia 2027. Kwa hiyo hiyo njia nayo inabanwa taratibu.

Kati ya kukubali na kukataa kuna sehemu kubwa mwanangu ambayo barua yako imeiruka. Unaweza kumwomba baba mdogo msaada usiokuwa jina. Akulipie seva mwaka mmoja. Akupe wagumu wake kumi waijaribu, tena hapo unamaliza na hao 12. Au mkubaliane iingie kwake kwa muda, kwa karatasi inayosema apu ni yako, seva iko kwako, Nadai haiondolewi bila wewe kukubali, wewe unakuwa mtumiaji mwenye ruhusa ndani ya ile akaunti, na ukifungua yako anaihamisha ndani ya siku kadhaa mtakazoandika. Hiyo ya mwisho inaweza kukuweka dukani kabla ya Juni, lakini karatasi kati ya mtoto na baba mdogo ni karatasi ya aina yake, siku akivunja utampeleka wapi? Utaenda mahakamani na mtu aliyekusomesha? Kama jibu ni hapana, basi karatasi inafanya kazi ya kuwakumbusha tu, na hiyo siyo ndogo ila usiipe nguvu isiyokuwa nayo.

Kuhusu shukrani, mama yako hajakosea kwamba ipo. Unadaiwa heshima, unadaiwa kupokea simu yake, unadaiwa kumweleza jambo lako ana kwa ana na siyo kumtumia meseji ya kukwepa. Kama unadaiwa na apu, hilo sijui, na sidhani kama yeye mwenyewe alipokuwa analipa ada alikuwa anaweka rehani. Muulize mama siku ametulia, mkiwa jikoni wawili, kaka hayupo, anachoogopa ni nini hasa. Nina hisia kwamba baada ya baba yako kuondoka huyo shemeji ndiye amekuwa mgongo wa nyumba yenu na mama anaogopa usiwakosanishe. Hilo ni jambo tofauti kabisa na duka la apu na linahitaji maneno yake.

Na msilisubirishe mpaka Desemba ukoo wote umepanda nyumbani, mbege imeshazunguka, kila mjomba ana maoni. Panda basi uende Arusha siku ya kazi, mkae ofisini kwake, uwe na apu kwenye simu na swali lako kuhusu Nadai. Kama utaona vigumu kwenda peke yako nenda na kaka, ila mwambie aache kununa kwenye basi. Akisema hapana au akisema ndiyo, niandikie alichosema kwa maneno yake mwenyewe, tutayaangalia tena pamoja.